Kigae cha Bafuni

Jumatatu, 3 Juni

Meneja kanipa daftari la mashine, niandike imewashwa saa ngapi, imezimwa saa ngapi, imepitisha magunia mangapi. Alipolitoa kabatini likaja na jingine limegandana nalo. Hakuona, na mimi sikumwambia. Hili ndilo hilo jingine. Humu nitaandika yasiyoingia kule.

Mashine yenyewe imefika asubuhi juu ya lori, imeviringishwa nailoni nyeupe toka juu hadi chini, na wanaume wanane wakaishusha taratibu kama wanaoshusha mgonjwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tumekaa naye meza moja ya kuchambua karanga mwaka wa kumi na nne huu na bado hatujamaliza kujuana, aliitazama, akatutazama sisi wanawake ishirini tuliojipanga ukutani, akasema kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Haya, mume kaoa. Mke mwenza huyo."

Jina likashika hapo hapo. Jioni hata Meneja aliuliza kama Mke Mwenza amefunikwa vizuri, halafu akajishtukia, akaanza kukohoa.

Jumatano, 5 Juni

Meneja ametukusanya akatueleza mambo yalivyo. Karanga zetu, zikishakaangwa kidogo na kumenywa ngozi, zina mnunuzi mmoja tu: anasaga lishe ya watoto waliodhoofika, ile wanayolishwa hospitalini kwa kijiko. Karanga iliyopata ukungu hugeuka njano au kahawia, na ukungu ule una sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mnunuzi hupima kila mzigo. Mwaka jana aliturudishia mmoja. Msimu huu tunapeleka mitatu, wa kwanza mwisho wa Juni, wa pili mwisho wa Julai, wa tatu Agosti, na ukirudishwa hata mmoja anahamia kiwanda kingine na meza yetu inafungwa.

Wifi akauliza kama mashine imekuja kutufukuza. Meneja akasema hapana, mashine itatangulia na sisi tutapitia ilichopitisha, ili kisirudi kitu. Wifi akauliza, wote ishirini? Meneja akasema wote ishirini, akiangalia viatu vyake.

Mimi nimeteuliwa msimamizi wa mashine kwa sababu nimesoma kidogo zaidi ya wengine waliosoma kidogo, na siogopi umeme. La pili si kweli, ila hakuna aliyenipima.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi wa mashine amefika. Suruali yake ina mkunjo wa pasi unaoweza kukatia mkate, kwa hiyo kabla hajafungua begi alikwisha kuwa Bwana Pasi. Anaongea polepole kama anayeongea na viziwi. Nilimchukia kidogo, kiasi cha kawaida.

Lakini kazi anaijua. Karanga zinamwagwa juu, zinatetemeshwa, zinateremka katika mifereji minne kama watoto kwenye bembea ya kuteleza. Zikifika mwisho zinaruka hewani, na hapo hapo kamera zinazitazama mbele na nyuma chini ya taa kali. Yenye rangi mbaya inapigwa pumzi ya hewa kutoka kwenye kitundu kidogo, puf, inaangukia sanduku la mabovu. Nzuri zinaendelea na safari zao. Yote hayo ni haraka kuliko mtu kupepesa. Niliinama kutazama hiyo puf mara nyingi mpaka Wifi akauliza kama nimepata ajira au nimepata sinema.

Kisha Bwana Pasi akatoa kiboksi chenye kitambaa laini ndani, kama cha pete, na ndani yake kigae cheupe, chembamba, kirefu kama kiganja na vidole vyake. Kila asubuhi, taa zikishapata joto nusu saa, kigae kinawekwa kwenye kishikio mbele ya kamera ili mashine ijue weupe ni upi siku hiyo. Kikishikwa, kinashikwa na mikono iliyooshwa. Kikifutwa, kinafutwa kwa kitambaa chake. Akaniambia mimi peke yangu ndiye wa kukigusa. Kikivunjika, mashine itakaa kimya wiki tatu mpaka kingine kifike.

Wiki tatu katikati ya mavuno. Nilikirudisha kwenye kiboksi nikihisi nimepewa mtoto wa mfalme.

Alhamisi, 13 Juni

Siku nne tunaifundisha mashine. Kila mchambuzi analeta bakuli la nzuri na bakuli la mbovu, Bwana Pasi anazipitisha, mashine inajifunza. Bakuli la Wifi halikuwa na kosa hata moja. Bwana Pasi alilirudia mara mbili, akamuuliza anajuaje.

Wifi akamwonyesha. Kila mmoja wetu ana kisosi. Karanga ikikutia shaka, unaiweka kisosini, unainuka, unakwenda nayo mlangoni, unaitazama kwenye mwanga wa jua, unarudi na jibu. Ndiyo sheria ya meza tangu kabla yetu, kwa maana taa za ndani zinadanganya: njano inaweza kukaa kimya chini ya taa na kusema ukweli nje.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema mashine haiwezi kwenda mlangoni, ndiyo maana ina kigae. "Kigae ndicho mlango wake, mama," akaniambia. Nikaitikia kama niliyeelewa.

Jumatatu, 17 Juni

Bwana Pasi kaondoka, katuachia namba ya simu na marashi yake yaliyobaki chumba cha mashine. Tumeanza kazi wenyewe.

Leo nimepiga marufuku mlango. Wanawake ishirini wanaoinuka na visosi wanachelewesha meza, na mashine imeshachagua. Nilitoa tangazo kwa sauti ya msimamizi, ambayo bado naifanyia mazoezi. Wifi akaniuliza kama na chooni tunaenda kwa kibali.

Jumamosi, 29 Juni

Mzigo wa kwanza umeondoka. Vumbi la lori lilituingia mdomoni na hakuna aliyelitema kwa hasira.

Ijumaa, 5 Julai

Majibu: mzigo umepita, safi kuliko yote tuliyowahi kupeleka. Meneja kanipa koti jeupe la msimamizi lenye mifuko mitatu. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, ameligeuza ndani nje, akatazama mishono, akasema aliyelishona alikuwa na haraka. Ndiyo pongezi zake hizo. Nimelivaa chakula cha jioni chote.

Jumanne, 9 Julai

Leo sina la kuandika.

Jumatano, 10 Julai

Ninalo. Nilikuwa nalo jana pia.

Jana asubuhi nilikuwa nawaelezea wageni wa Meneja namna mashine inavyofanya kazi. Nilikuwa nimenogewa. Kitambaa cha kigae sikukiona, nikakifuta kwa ncha ya koti, na vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya karanga kwa sababu nilikuwa natafuna huku nikifundisha. Kikateleza. Hata hakikufanya kelele nyingi. Kiligonga mguu wa chuma wa mashine kikavunjika vipande vitatu. Wageni walikuwa wameshageuka kwenda kutazama magunia. Nikavikunja ndani ya kitambaa changu cha kichwa, nikasema kwa furaha kubwa kwamba sasa taa zinahitaji kupumzika.

Wiki tatu, alisema. Mzigo wa pili unaondoka tarehe ishirini na saba. Mashine ikikaa kimya wiki tatu, hakuna mzigo wa pili, na bila mzigo wa pili hakuna meza. Hivyo ndivyo nilivyojieleza njiani, na nilijieleza vizuri sana.

Nyumbani, nyuma ya pipa la maji, kuna vigae vilivyobaki tulipojenga bafu. Vyeupe. Nilipeleka kimoja kwa fundi wa vigae nikakatiwa kwa kipimo. Leo asubuhi nimekiweka kwenye kishikio, mashine ikakitazama, taa ya kijani ikawaka, kazi ikaanza. Weupe ni weupe. Mke Mwenza sasa anaamka kila siku akitazama ukuta wa bafu langu, na hajalalamika.

Ijumaa, 12 Julai

Kigae kimewekwa. Taa ya kijani. Wifi anasema anaona njano kwenye zilizopitishwa. Nimemwambia ni macho ya Ijumaa.

Jumatatu, 15 Julai

Kigae kimewekwa. Taa ya kijani. Upepo mkali, bati linapiga kelele kutwa. Wifi tena. Safari hii kaja na kisosi mbele ya wote akasema Mke Mwenza ameanza kulala kazini. Nikamwambia mashine hailali, kinachomsumbua ni wivu. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, na hilo halikunipendeza, kwa sababu Wifi hucheka hata akitukanwa.

Jumanne, 16 Julai

Kigae. Kijani. Wifi kainuka na kisosi, kaenda mlangoni, kanipita kama nguzo. Nikamhamisha. Sasa yuko mwisho wa kiwanda, anashona midomo ya magunia. Nilitumia ile sauti ya msimamizi na safari hii ilitoka bila mazoezi.

Alikusanya kisosi chake na leso yake. Akasema tu, "Haya, wifi."

Alhamisi, 18 Julai

Meneja anafurahi. Anasema sanduku la mabovu linajaa nusu ya ilivyokuwa Juni, kwa hiyo wakulima wameanza kukausha vizuri. Nilikubaliana naye kwamba wakulima wameanza kukausha vizuri. Magunia mia mbili yako tayari ghalani, ya tangu juzi yameshonwa na Wifi, mishono midogo, sawasawa.

Mume wangu aliuliza kwa nini dada yake haji tena kunitania. Nikasema kazi nyingi.

Jumapili, 21 Julai

Nitaandika yote, na nitaandika kwa mpangilio.

Wifi alikuja baada ya chakula cha mchana. Hakukaa. Alikuwa na leso imefungwa fundo, akaliweka juu ya meza ya mashine ya kushonea ya mume wangu, kati ya mkasi na suruali ya mtu, akasema hizo ni karanga alizozitoa midomoni mwa magunia kabla ya kuyashona, kiganja kimoja kwa kila gunia, wiki nzima. Akaomba nizitazame. Nikamwambia leo ni Jumapili. Akasema watoto wale wanakula hata Jumapili.

Sikuinuka. Mume wangu ndiye aliyeinuka. Hapendi ugomvi; akiusikia unakuja hutafuta kazi ya mikono. Akafungua fundo, akachota karanga, akaenda nazo mlangoni pale pale anapokwenda na vitambaa vya wateja, akanyoosha kiganja kwenye jua. Akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotaka.

"Hizi mbili tatu ni nyeupe," akasema. "Hizi zingine ni njano, mama watoto. Njano ya kawaida kabisa."

Nikasema mashine imeziona nyeupe, na mashine ina macho kuliko yeye. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sitalisahau. Alivuta droo yake akatoa roli tano za uzi, akazipanga kizingitini. Zote nyeupe. Ndani, kila siku, nimeziona nyeupe. Pale juani moja ilikuwa kama maziwa, moja kama mfupa, moja ina ubuluu, moja imekaa kama chai iliyomwagiwa maziwa mengi, na moja tu ilikuwa nyeupe kwelikweli. Akasema mteja akileta shati jeupe haulizi uzi mweupe, anauliza mweupe upi, na yeye asiyejua hilo atashona shati litakaloonekana limechafuka toka siku ya kwanza. Alikuwa anazungumza habari za mashati. Hakujua lolote.

Nilikwenda nyuma ya pipa nikachukua kigae kimoja. Nikaenda chini ya kitanda nikachukua kitambaa changu cha kichwa na vile vipande vitatu, ambavyo nilishindwa kuvitupa, sijui kwa nini. Nikaviweka vyote kizingitini, karibu na nyuzi.

Kigae changu cha bafuni ni cha rangi ya malai, kama utandu wa maziwa. Kwa miaka tisa nimeoga mbele yake nikikiita cheupe.

Kumbe kila asubuhi nilikuwa namwonyesha Mke Mwenza umanjano nikimwambia, huu ndio weupe. Na yeye, kwa utii wake wote, akawa anautoa umanjano ule katika kila karanga aliyoiona. Njano akaiona nyeupe na kuipitisha. Ndiyo maana sanduku la mabovu lilikuwa nusu. Wakulima hawakukausha vizuri kuliko zamani.

Niliwaeleza wote wawili pale pale, nikiwa nimesimama na kigae mkononi. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake cha kushonea akatazama chini. Wifi hakusema niliyostahili kuambiwa, na niliyajua yote kwa moyo. Aliokota karanga zake moja moja, akafunga fundo, akaniachia, akaniuliza tarehe ya lori.

Jumamosi, nikamwambia.

"Basi tuna siku tano na nusu," akasema. "Kesho saa moja usichelewe kwa kulia."

Jumatatu, 22 Julai

Nilikuwa mlangoni kwa Meneja kabla hajafika. Nilivua koti kwanza nikalikunja, ili asipate taabu ya kuliomba. Nikaweka juu ya meza yake kigae cha bafuni, vipande vitatu, na fundo la Wifi. Nikaeleza kuanzia kutafuna karanga hadi ukuta wa bafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho si tabia yake.

Akauliza magunia mangapi. Mia mbili na arobaini. Akauliza nani mwingine alijua. Hakuna. Akauliza kwa nini sikupiga simu. Nikasema niliogopa wiki tatu. Akatazama karatasi za mzigo na nikaona wazo likimpitia usoni: labda wapimaji wachote kwenye gunia zuri, labda mzigo upite tu. Limempitia kama linavyoweza kumpitia mtu yeyote, na mimi si wa kumhukumu, la kwangu lilikaa siku kumi na moja. Kisha akazisukuma karatasi pembeni na kusema magunia yote yafunguliwe.

Akampigia simu Bwana Pasi na kuweka sauti ya nje. Nikarudia yote. Nilijiandaa kusikia ile sauti yake ya kuongea na viziwi.

"Vipande hukuvitupa?" akauliza.

Nikasema ninavyo mbele yangu. Akasema basi kigae tunacho. Weupe haukuvunjika, kilichovunjika ni umbo. Nivioshe, nivipange juu ya ubao, na nyufa ziangukie penye kuta kati ya mfereji na mfereji, maana kamera haisomi hapo. Nivibandike kwa nyuma tu, gundi isionekane mbele. Halafu sauti ikawa nyingine, ya mtu.

"Na mama, lile la wiki tatu nililisema ili mkiogope kigae. Kigae kipya kinafika kwa siku nne."

Meneja alifunga macho. Mimi nilitaka kucheka na nilitaka kumtupia simu. Siku nne. Kwa hofu ya wiki tatu ambazo hazikuwepo nilipika uongo wa siku kumi na moja. Nilimwambia nimeelewa, na kwamba safari nyingine atutishe kwa ukweli. Akasema haki yangu. Akasema anapanda gari kesho.

Jumanne, 23 Julai

Mume wangu kabandika vipande kwa gundi anayotumia kukazia kola, akiwa ameshikilia pumzi. Kabla hatujakiweka kwenye kishikio Wifi akakichukua mkononi mwangu, kwa mikono iliyooshwa, akakipeleka mlangoni, akakitazama juani mbele na nyuma. Akarudi. Akasema kiwekwe.

Taa ikawaka nyekundu. Tukakisogeza unywele mmoja. Nyekundu. Unywele mwingine. Kijani.

Karanga za kwanza zikateremka, na ile puf niliyokuwa siisikii sana wiki hizi ikaanza kupiga, puf, puf, puf, kama mvua ya kwanza juu ya bati. Wanawake wote walisimama kusikiliza. Sanduku la mabovu lilijaa kabla ya chai.

Nimeomba meza nzima msamaha, na kwa Wifi nikarudia nikimtaja jina lake la ukoo ili ajue simwombi mtu mwingine. Mmoja mwisho wa meza akauliza kama kuanzia sasa mlango umefunguliwa. Nikasema sina tena mamlaka ya mlango. Wifi akasema umefunguliwa.

Jumatano, 24 Julai

Mawingu. Hakuna jua mlangoni. Tumeweka pembeni kila yenye shaka, visosi ishirini vimejaa, tunasubiri. Magunia tisini yamepita.

Alhamisi, 25 Julai

Jua lilitoka saa nne. Wanawake ishirini waliinuka pamoja na visosi wakajazana mlangoni, na mlango wetu ni mwembamba. Meneja aliyekuwa anaingia ilibidi asubiri nje. Bwana Pasi amefika na kigae kipya ndani ya kiboksi. Akakilinganisha na kile cha vipande, mashine ikatoa jibu lile lile. Suruali ilikuwa haina mkunjo, amesafiri nayo. Akakaa mezani kwetu mpaka jioni, anachambua, anapewa kisosi, anakosea, anachekwa. Wifi alimwambia macho anayo, yamekosa tu mwalimu.

Ijumaa, 26 Julai

Gunia la mwisho saa kumi na nusu. Yamebaki mia mbili na kumi na sita. Ishirini na nne yalikuwa njano tupu. Nimeyatazama yakichomwa nyuma ya kiwanda, nikafikiria kile kijiko cha hospitalini.

Jumamosi, 27 Julai

Lori limeondoka. Meneja ameandika kwenye karatasi za mzigo kwamba umechambuliwa mara mbili, na sababu, na jina langu. Aliniuliza kama napinga. Sikupinga.

Ijumaa, 2 Agosti

Mzigo umepita. Meneja alisoma majibu kwa sauti ya kawaida kisha akatoka nje kwa muda.

Mnunuzi ameandika pia kwamba anataka kuona namna tunavyoanza asubuhi. Bwana Pasi amebadilisha karatasi iliyobandikwa ukutani. Zamani mstari wa kwanza ulisema mashine iwashwe. Sasa unasema kigae kipelekwe mlangoni na watu wawili, wote watazame. Kile chenye gundi kimewekwa kabatini, cha akiba. Cha bafuni nimekirudisha nyuma ya pipa.

Jumatatu, 5 Agosti

Koti jeupe amepewa Wifi. Niliarifiwa na Meneja kwa maneno mengi ya kunizungusha, mpaka nikamsaidia kumaliza sentensi. Mume wangu amelipunguza mabega na kurudia mishono yote. Amekaa nalo siku mbili. Lilipokuwa langu hakulitia hata sindano, nimemkumbusha hilo na nitamkumbusha tena.

Mimi nimekaa kiti cha tatu kutoka dirishani, na kisosi. Si uongo kwamba liliniuma. Si uongo pia kwamba nimelala vizuri.

Jumatano, 14 Agosti

Mzigo wa tatu unaondoka kesho. Vumbi limekwisha, kuna harufu ya mvua mbali. Daftari la mashine sasa analo Wifi, na humu kumebaki ukurasa mmoja.

Leo asubuhi Mke Mwenza kawashwa, kigae kimekwenda mlangoni na kurudi, kijani. Nilikuwa nachambua vizuri, haraka, karibu kujisifu. Nikakuta karanga moja isiyoeleweka. Nikaigeuza chini ya taa. Nikaigeuza tena. Nyeupe, nikasema moyoni, nikaisukuma upande wa nzuri.

Kivuli cha koti kikasimama nyuma yangu. Wifi alinyoosha mkono juu ya bega langu, akaiweka karanga ile katikati ya kisosi changu.

"Inuka, wifi," akasema. "Jua lipo."

Nikainuka, nikaenda nayo mlangoni.